Mrudisheni Alikotoka

Assalamu alaikum, mama zangu, dada zangu. Mniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Nimeingia Mutsamudu leo asubuhi kwa boti kutoka Moroni, na miguu yangu bado inadhani iko majini. Majina sitataja. Mnaowajua mtawatambua, na msiowajua hamtapungukiwa na kitu.

Nilizaliwa Majunga, ng'ambo kwa Wamalagasi, wazazi wangu wakiwa Wakomoro wa kule. Watu wetu walipouawa na wenyeji, mama yangu akiwa mmoja wao, mimi na kaka yangu tulipandishwa ndege pamoja na wengine tukateremshwa Moroni. Tukaambiwa, haya, mmefika kwenu. Kule tulikuwa Wakomoro. Huku tukawa Wamalagasi. Tulipata chumba mtaa wa Magoudjou, mimi nikakaanga maandazi, kaka yangu akapakua ndizi sokoni, na watu wakatuita wana wa ndege. Mwaka uliofuata wazungu wenye bunduki walishuka pwani ya Itsandra, wakaua, wakaipindua serikali, wakakaa. Wao hakuna aliyewauliza walizaliwa wapi.

Sasa nifike kwenye lililo gumu. Siku moja sokoni mvuvi mmoja wa Itsandra, aliyeleta samaki wake, alimkuta kaka yangu amekaa kivulini.

"Inuka, mwana wa ndege," akamwambia. "Hapo hukaa watu wenye mama zao."

Kaka yangu alikuwa na panga la kukatia mikungu. Ndugu zangu, nawaambia, simtetei. Maneno ni maneno na panga ni panga. Mkono wa kulia wa yule mvuvi ulining'inia kwa ngozi tu, na hospitali wakaumalizia kwenye kifundo. Mvuvi, mkono wa kulia. Nilipoletewa habari nilikuwa nakanda unga, nikaendelea kuukanda hadi ukawa mgumu kama ubao, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Kaka yangu alihukumiwa, akafungwa. Nami nilifungwa mtaani. Hakuna aliyenitukana, wala msidhani walinipiga. Waliacha tu kuitikia salamu. Jirani alipofiwa, nilikwenda msibani nikaingia jikoni kama mwanamke yeyote, nikashika mwiko. Dada mmoja akautoa mkononi mwangu polepole, kwa adabu, kama anayemtoa mtoto karibu na moto. Nilirudi chumbani nikalala mchana kutwa. Siku hizo nililala sana. Maandazi nilikaanga machache, nayo nikayala mwenyewe.

Kifungo kilipokaribia kwisha, wanaume wa Itsandra na wa mtaani kwetu walikutana kwenye bangwe, ule uwanja wao wa kuamulia mambo. Mwanamke haketi pale, ila kuta za Moroni ni nyembamba, nami nilisimama nyuma ya dirisha la jirani.

"Mrudisheni alikotoka," mmoja akasema. "Karatasi zake zinasema Majunga. Meli zinakwenda. Aliyekuja kwetu akamwaga damu, kwa nini tumlee?"

"Kweli kabisa," wakaitikia.

Akaongea mzee mmoja mtani, mwenye sauti ya kukwaruza: "Mgeni aliyemwaga damu arudishwe alikotoka. Maneno mazuri. Tuanze na yupi?"

Akaelekeza kidevu barabarani, gari la wazungu lilipokuwa likipita. Bangwe lote likakohoa. Kisha wakaendelea kumjadili kaka yangu, kwa sababu yeye alijadilika.

Wakakubaliana apakiwe. Isipokuwa jambo moja: mkubwa wao alisema, kama kuna nyumba ya mama yao popote visiwani, basi huyo si mgeni, na nyumba hiyo itajibu. Nanyi mnajua, kwetu mtu ni wa nyumba ya mama yake. Sisi nyumba ya mama yetu ilichomwa Majunga. Meli ile ingempeleka kaka yangu kwa waliomuua mama yetu.

Lakini mama alikuwa akinisuka nywele huku akinitajia wanawake: nimezaliwa na fulani, aliyezaliwa na fulani, wa Mutsamudu, chini ya ngome, nyumba yenye mlango unaofunguka nusu. Nikiona usingizi alinivuta nywele ili nirudie. Basi nikapanda boti nikaja mji huu, nikatembea vichochoroni nikitaja majina ya wanawake waliokwisha kufa, watu wakinitazama kama mwenda wazimu. Hatimaye bibi mmoja, aliyekuwa akipepeta mchele kibarazani, akaacha kupepeta.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Jina la tatu akalisema yeye kabla yangu. Yeye na bibi yangu walikuwa watoto wa dada wawili. Nikamwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu, na tangu siku hiyo sikumwita jina lingine.

"Chumba cha bibi yako kipo," akasema. "Tunawekea vitunguu."

Nililia, akacheka, akaniletea chai. Kisha nikamweleza habari yote. Akaweka kikombe chini.

"Na mimi nilidhani umeniletea furaha tupu. Huyo mkata watu naye ni wetu?"

"Ni wetu, Koko. Nisaidie nimlete hapa. Atakaa chumbani kwa bibi, hakuna atakayemjua."

Ndugu zangu, hili ndilo nililokuwa nimelifuata. Nilitaka nyumba ya kumfichia.

"Wale wanataka kumtupa Majunga," Koko akasema. "Wewe unataka kumtupa Mutsamudu. Yule mvuvi anabaki na nini?"

Hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka. Nilikuwa nimemhurumia kaka yangu, nimejihurumia mwenyewe, na yule mtu wa mkono mmoja hakuwahi kupita akilini mwangu ila kama balaa lililotupata.

Koko alijifunga shiromani yake, ile nguo ya kujitanda anapotoka, tukavuka bahari pamoja, yeye akitapika na kunilaumu njia nzima. Tukafika Itsandra, mlangoni kwa mke wa mvuvi. Koko akakaa chini, kizingitini, mzee yule.

"Aliyekukata ni mtoto wa nyumba yangu," akamwambia mvuvi. "Nimekuja kusema hivyo mbele yako."

"Sitaki pole yako, bibi. Nataka mkono."

"Mkono upo," Koko akasema. "Uko gerezani."

Mke wa mvuvi alicheka kicheko kibaya akaingia ndani. Mvuvi hakucheka. Alitutazama hadi chai tuliyoletewa na jirani ikapoa, maana yeye hakutupa chai. Kisha akasema twende zetu.

Siku chache baadaye alisimama mwenyewe kwenye bangwe. Nilikuwa tena nyuma ya dirisha.

"Msimpakie," akasema. "Akishafika Majunga atakuwa amesahau. Mimi kila asubuhi nafungiwa vifungo vya shati na mke wangu. Nataka awepo aone."

Kaka yangu alipotoka gerezani, mvuvi alikuwa anamsubiri pwani. Hakumsamehe. Alimpa kasia. Siku ya kwanza kaka yangu alitapika kuliko Koko, mvuvi akamwambia, "Bila shaka. Wewe ni mtu wa ndege." Miaka karibu yote ya wale wazungu, kaka yangu amepiga kasia, amevuta nyavu, amemfungia yule mtu mishipi. Huongea habari za samaki tu. Sijui kama ni urafiki. Sidhani kama wao wanajua.

Nisiwadanganye kwamba kila mtu aliridhika. Mke wa mvuvi hadi leo hanisalimu. Yeye alitaka kaka yangu aondoke asimwone tena uani kwake, na kuna siku, nikiwa nimechoka kama leo, naona alikuwa na haki kuliko sisi sote. Hakuna aliyemuuliza.

Nawashukuru. Namshukuru Koko, ambaye mlimzika nyinyi kwa mikono yenu nami nikachelewa kufika. Nawashukuru wanawake wa Magoudjou, kwani msiba uliofuata yule dada aliyenitoa mwiko mkononi alinipa sufuria nikoroge. Namshukuru mvuvi, ijapokuwa angekasirika akisikia.

Mmeniuliza maoni yangu, kwa kuwa mnaye kijana wa kuja aliyeumiza mtu vibaya, na wengi wenu mnataka apakiwe melini. Nina neno moja. Majuzi wazungu wale walipandishwa ndege waondoke, baada ya damu yote ile. Moroni ilishangilia, watoto wakaruka, na mimi nikapiga vigelegele. Mvuvi alikuwa amekaa juu ya ngalawa yake, kaka yangu akitoa maji kwa kopo. Ndege ikapita juu yetu, mvuvi akaifuata kwa macho mpaka ikapotea.

"Hao wamepona," akasema.