Kornelio na Herufi Moja ya Nailantei

Ndugu waombolezaji, poleni na msiba, haya ni maisha ya Kornelio kama alivyoyaeleza mjane wake, Magreti, na ametaka yasomwe bila kutiwa sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947 huko Vidunda, akasoma mwaka 1956 hadi 1963, enzi za kalamu ya kuchovya, na huko shuleni alichapwa kwa kusema "lafiki", tangu hapo akawa anatia R hata isikoitwa. Mwaka 1965 akawa karani wa shamba la mkonge Kimamba, Kilosa, akastaafu 1999, akahamia Mikumi na mkewe, akawa anaandika daftari la ubatizo la kanisa.

Alifunga ndoa na Magreti tarehe 22 Novemba 1969, wakapata watoto wanne, wawili wametangulia. Dunia ilipohamia peni yeye alibaki na nibu zake za zamani, zile ncha za chuma za kuchovya wino, kila mpya akiilamba kuondoa mafuta ili ishike wino, na iliyotumika akiilamba kuisafisha, hivyo Magreti ameishi miaka hamsini na mitano na mume mwenye ulimi wa bluu, na mpini wa kalamu aliuchagua kama mtu anayechagua mke wa pili, anachomeka nibu, anatikisa sikioni, ikicheza anaurudisha.

Mwaka 2011 alipoandika ubatizo wa Nailantei, binti wa wafugaji aliyekuja kuwa mke wa mwanawe Elikana, aliandika Nairantei, akaambiwa amekosea, akasema ni yale yale.

Juni 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukawa unatetemeka. Januari mwaka huu ombi la kitambulisho la Nailantei likarudishwa mara ya pili, jina la ubatizo halilingani na la ombi, na bila kitambulisho kazi ya jikoni hotelini haipati, naye katekista akasema aliyeandika ndiye asahihishe. Nailantei akamwendea kitandani, akamwambia, shikamoo baba, jina ulilonipa ni la mtu mwingine, nirudishie langu kabla hujaondoka, naye akajibu, marahaba, leteni kopo la nibu.

Mipini yote ilimdondoka, ilikuwa myembamba kwa vidole vilivyokufa ganzi, hadi Magreti, aliyeishia darasa la pili, akakata gunzi la hindi, jepesi na la kujaa kiganja, akalichomekea nibu ngumu, maana laini ingetapanya wino. Tarehe 3 Machi 2025 marehemu alikata ile R katika daftari la ubatizo, akaandika L juu yake, akatia sahihi, kazi ya asubuhi nzima, na L yenyewe imepinda.

Alifariki tarehe 9 Machi, saa kumi alasiri, hospitalini Kilosa, akiacha mjane, watoto wawili, Elikana na Monica, na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mikumi walioleta kuni na maji, na makarani wenzake wa Kimamba, watatu waliobaki, wote wamekuja na fimbo. Magreti anasema bado hajalia, msimkodolee macho.

Juzi ofisi ya vitambulisho imepokea ombi la Nailantei, safari hii halikurudishwa. Kornelio, umesahihisha, sasa pumzika, na amani ikae nawe.