Fundi Zege na Vishindo Tulivyovicheka

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya mabasi, fundi mkuu, ambaye hata mhasibu humwita Zege, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Tutamuaga Ijumaa, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa chakula. Niliombwa niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa moyo hautulii.

Alianza kwa kuosha injini. Hakukaa sana na ndoo. Muda si mrefu alikuwa anafungua gia boksi na kuifunga bila kubakiza nati hata moja mezani, jambo ambalo baadhi yetu, simtaji mtu, bado linatushinda. Mabasi mawili yaliyokuwa yauzwe kama chuma chakavu yanabeba abiria hadi leo kwa sababu yeye alikataa yauzwe. Na alikuwa mpole kupita kiasi. Ukivunja boliti alikuletea nyingine, akakuonyesha upya, na chai akanunua yeye.

Visa vyake ni vingi. Siku ndoano ya winchi ilipochomoka ikamgonga utosini, alizimia, akazinduka, akauliza kama ndoano imepinda. Jina la Zege lilizaliwa hapo. Mara nyingine aliteleza juu ya paa la basi, akatua kwa kisogo, akaamka akimtafuta mke wake karakanani. Jioni alikuwa tena chini ya gari. Chasi, zile fremu za chuma chini ya basi, ndizo usiseme. Alizigonga kwa kichwa mara nyingi hata tukawa tunampigia makofi.

Nilikuwa nimeshavikusanya visa hivyo kwa ajili ya ukurasa huu, na nilidhani kazi imekwisha.

Lakini lazima niseme tunachokijua sote. Kwa mwaka mzima na ushee, Zege amekuwa mtu mwingine. Anafoka bila sababu, anaficha vifaa vyake, anatushuku. Mbele ya karakana nzima alimwita mtunza stoo wetu mwizi wa spana. Huyu ni binti ambaye mzee alimpokea kazini akiwa hajui spana wala bisibisi, akamfundisha kila kitu, mpaka wakawa wanaitana baba na mwanangu. Binti alilia hadi macho yakavimba, akaapa hatakanyaga kwenye sherehe. Wengi walimuunga mkono. Tulisema mzee amelewa cheo.

Wiki iliyopita mke wake alikuja karakanani. Alitueleza kwamba daktari amegundua dimensia, ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na akili, na anataka kujua kama mgonjwa amewahi kuumia kichwa. Nyumbani walijua kisa kimoja tu, maana Zege hakuwa mtu wa kupeleka kazi nyumbani. Tukaanza kumsimulia, tukicheka kama kawaida: ndoano, paa, chasi. Mama yule hakucheka. Kicheko kikatukauka mdomoni, mmoja baada ya mwingine.

Daktari hakuapa kwamba vishindo vile ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Alimweleza mama yule tu kwamba wenye dimensia waliowahi kuumia kichwa huko nyuma huonekana zaidi kuwa na hasira za ghafla, wahka na kushuku watu, na kwamba hizo ni dalili za ugonjwa. Mzee hajaharibika tabia, anaumwa. Tangu siku hiyo kila fundi anajipapasa utosi na kukumbuka vishindo vyake. Mimi ninavyo vyangu, na juzi nilisahau nilikoegesha baiskeli. Sasa haingii mtu chini ya basi bila kofia ngumu, na anayegongwa anapelekwa zahanati, apende asipende.

Kabla ya kuondoka, mama alisimama mlangoni. "Akiwafokea, wanangu, msibishane naye," alisema. "Na yule binti wa stoo mwambieni kwamba mzee ananiuliza kila jioni, mwanangu wa stoo amekula?"

Ujumbe niliupeleka mwenyewe. Binti alinigeuzia mgongo, akaanza kupanga boksi la nati ambalo lilikuwa limeshapangwa vizuri. Baadaye akaniuliza mzee atakaa upande gani wa ukumbi.

Ijumaa tunaiogopa, sitaficha. Huenda mzee akafurahi kutuona, huenda akatufukuza wote pamoja na mkurugenzi. Njooni hata hivyo, wote.

Fundi wetu, asante kwa kila breki iliyoshika na kila abiria aliyefika kwake salama. Tunakuombea siku tulivu na watu wenye subira kando yako. Kiti cha mkono wako wa kulia kimeshapata mwenyewe. Umfokee usimfokee, hahami.