Bibi Mtafsiri

Kwenye bajaji ya Kibaoni, bibi mmoja alimwonyesha binti aliyeketi naye flashi yenye filamu. "Imeteuliwa kuwania tuzo. Nataka nikaione na mjukuu wangu wa miaka sita."

"Nimeiona, bibi. Haimfai. Mama twiga anakufa."

"Na mama wa mjukuu wangu tulimzika Pasaka."

Hata mimi niliyeketi mbele na dereva, niliyewahi kubishana na kiboko akaomba radhi, niligeuka kuwatazama.

"Basi bibi, msubiri akue."

"Kizungu hajui, mtafsiri ni mimi. Nitamwambia mama twiga kaenda Mofu kuvuna mpunga."

"Na mtoto wa twiga akianza kulia?"

Bibi akafikiri kidogo. "Hapo sitatafsiri. Nitampakata."

Bajaji ikasimama. Bibi akashuka, binti bado anatikisa kichwa.