Secilia wa Simu ya Upepo

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni hii. Popote mlipo, mliokwisha kula na mnaongoja chungu kiive, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumwona usoni, lakini huko milimani Usambara kuna watu waliokuwa wakiijua sauti yake kama wanavyoijua kengele ya kanisa.

Tunamkumbuka Bi Secilia Shemhina, mwendeshaji wa simu ya upepo mjini Lushoto. Alifariki mwezi uliopita nyumbani kwao Gare, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Amezikwa Gare, kwenye makaburi ya misheni, chini kidogo ya shamba la kahawa la baba yake.

Secilia alizaliwa Gare, akasoma Gare, akaimba kwaya Gare. Mumewe, Mzee Hezekia, fundi seremala, anasema sauti ndiyo iliyompatia kazi. "Siku ya usaili walikuwa vijana wengi, wanaume watupu isipokuwa yeye. Mkaguzi akawaambia wasome tangazo moja kila mtu kwa zamu. Secilia aliposoma, mkaguzi akaweka kalamu chini. Akasema, huyu hata simu ikiwa mbovu atasikika."

Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Akawekwa kwenye mtambo wa simu katika ofisi moja ya serikali pale Lushoto. Alikuwa akiunganisha waya huu na ule: Tanga, Korogwe, Mombo. Lakini waya haukufika kila mahali. Kule Mlola, juu milimani, hapakuwa na simu. Barua ya Mlola ilishuka kwa miguu ya tarishi. Mvua ikinyesha, tarishi alilala njiani. Barua ikilowa, ilikaushwa motoni, na mara nyingine ikaungua.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, serikali ikaleta simu ya upepo. Kwa vijana wetu wasioijua, ni redio yenye kipaza sauti cha mkononi. Unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza kwa neno ova. Unaachia, unasikiliza. Ilikuwa ikitumia betri ya gari, na waya wake wa juu ulifungwa kwenye mikaratusi miwili. Mashine moja ilikaa Lushoto kwa Secilia. Nyingine ilikwenda Mlola, kwa katibu wa kata, Ndugu Sefania.

Mzee Sefania bado yu hai, na tulimfuata hadi kwake. Anasema miezi ya kwanza redio ile ilikuwa na kazi moja tu: kuleta amri. "Asubuhi nafungua, nasikia: limeni mihogo. Leteni wajumbe mkutanoni. Pelekeni takwimu. Nami najibu, nimepokea, ova. Basi, imekwisha. Wananchi wamekaa mlangoni pangu wananitazama. Mmoja akaniuliza, hicho chombo kina masikio, au kina mdomo tu?"

Sefania akalisema swali hilo redioni, kama mzaha. Secilia hakucheka. Alikwenda kwa mkuu wake akaomba ruhusa: kila siku alasiri, amri zikishamalizika, mashine iachwe wazi kwa ajili ya wananchi. Waulize mambo yao, naye atazunguka ofisi kwa ofisi kutafuta majibu.

Mkuu wake, ambaye jina lake familia imetuomba tusilitaje, alimwambia, "Fanya, mradi usinisumbue."

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo ilivyoanza. Mtu wa Mlola alikuwa anaweza kuuliza leo, na kesho au kesho kutwa akapata jibu la serikali bila kushuka mlima. Mwalimu wetu amehamishwa, mwingine anakuja lini? Jibu likaja. Watoto wana surua, chanjo imekwisha. Secilia aliivaa kanga yake, akatoka ofisini, akaenda hospitali akasimama mbele ya mganga mpaka akaahidiwa. Wiki hiyohiyo Landrova ikapanda Mlola na sanduku la barafu. Mzee Sefania anasema kina mama walipiga vigelegele mbele ya redio, wakitaka Secilia asikie. Naye akasikia. Akawaambia, "Hongereni, mama zangu. Sasa wabebeni watoto, gari haliwangojei."

Lakini kazi ile ilikuwa ikimla. Binti yake, Bertha, ambaye sasa ni mwalimu, anakumbuka vizuri. "Mama akirudi nyumbani alikuwa hataki kusikia sauti ya mtu. Siyo kwamba ana hasira. Masikio yamechoka. Sisi watoto tulijifunza kuomba chumvi kwa mkono. Baba naye anaacha kupiga randa mpaka mama alale."

Tulimwuliza Bertha, je, mama yake hakufikiria kuacha? Akasema, "Alifikiria kila Ijumaa."

Ikaja operesheni ya vijiji. Sote tuliokuwa wakubwa tunakumbuka. Watu waliagizwa wahame makazi yaliyotawanyika, wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Nia ilielezwa vizuri. Kwenye milima, mambo hayakuwa mepesi.

Juu ya Mlola kuna kitongoji kiitwacho Kwemazi. Amri ikapita kwa redio ya Secilia, kwa sauti ya Secilia mwenyewe: watu wa Kwemazi wahamie kwenye mteremko mpya uliopimwa. Familia za kwanza zikahama. Baada ya muda mfupi Sefania akaita Lushoto. Kule kwenye mteremko hakuna maji. Bomba lililoahidiwa halijafika. Wanawake wanarudi kwenye chemchemi ya zamani na ndoo kichwani, na njia ni kali. Familia zilizobaki zinaomba zisihamishwe kwanza.

Secilia akaupeleka ujumbe kwa mkuu. Mkuu akasema, "Waambie umepokelewa."

Akawaambia. Alasiri ya pili Sefania akauliza. Umepokelewa. Wiki iliyofuata akauliza tena. Umepokelewa. Kiangazi kikakaza. Mzee Sefania anatuambia, "Nilianza kumwonea huruma yeye kuliko sisi. Nilisikia jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kulisema neno lile."

Halafu siku moja Sefania akaleta ujumbe mwingine. Mwanamke mmoja wa familia zilizohamishwa, aitwaye Tatu, alikuwa mjamzito. Ameteleza kwenye njia ya maji akiwa na ndoo. Yeye amepona. Mtoto amefia tumboni.

Secilia alimwomba arudie, kama utaratibu ulivyotaka. Sefania akarudia. Secilia akaenda kwa mkuu, akamsomea akiwa amesimama.

Mkuu akaipokea karatasi. Kisha akasema, "Nasikitika. Waambie tumepokea."

"Mzee, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kurudi pale nikawaambia tumepokea. Mimi ni mama."

"Ndugu Secilia, kazi yako ni kupeleka maneno, si kuyachagua."

"Ni kweli, Mzee. Basi hayo yapelekwe na mwenyewe. Kiti changu kile pale, na Mlola wako hewani wanasubiri."

Makarani walikuwa wanasikia. Taipureta zilinyamaza. Mkuu aliinuka kwa hasira, akaingia kwenye chumba cha redio, akakaa kwenye kiti cha Secilia, akakishika kipaza sauti. Alitaka jambo liishe. Alidhani atasema na Sefania, mtu wa serikali mwenzake.

Lakini kule Mlola, Sefania alikuwa ameshamkalisha mbele ya redio mama mkwe wa Tatu, Bibi Mwanaisha, kikongwe wa Kwemazi. Alimwonyesha mahali pa kubonyeza. Na sauti iliyotoka kwenye mashine ya Lushoto ilikuwa ya kikongwe huyo, inauliza, "Ni nani huko?"

Mkuu akataja cheo chake.

"Sikuulizi kazi yako. Nauliza, ni mtoto wa nani?"

Wasikilizaji wapendwa, huyu mkuu alikuwa mtu wa hukohuko milimani. Malezi yake yakamshinda. Mbele ya makarani wake wote akasema, "Shikamoo, bibi. Mimi ni mtoto wa Abrahamu wa Mtae."

"Marahaba, mwanangu. Abrahamu namjua. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Haya. Sisi twaitwa watu wa Kwemazi. Unajua kwa nini?"

"Najua, bibi. Kwa sababu ya maji."

"Huko mlikotupeleka panaitwaje?"

Mkuu akataja jina lililokuwa kwenye ramani, jina jipya la kijiji.

"Hilo mmelileta nyie juzi. Nauliza, wazee walipaitaje?"

"Sijui, bibi."

"Hawakupaita kitu. Mahali pasipo maji hatukuwahi kupapa jina. Mjukuu wangu nimemzika pale, naye hana jina. Njoo uone, mwanangu. Sikugombezi. Njoo tu uone."

Akaachia kitufe. Hakusema ova, hakuna aliyemfundisha. Mkuu alibaki ameshika kipaza sauti, na redio inavuma peke yake. Kisha akasema, "Nitakuja, bibi." Akatoka bila kumtazama mtu.

Alikwenda. Kesho yake Landrova ilipanda mpaka barabara ilipoishia, naye akatembea hadi chemchemi na kutoka chemchemi hadi mteremkoni, njia ileile aliyoteleza Tatu. Familia za Kwemazi zilizokuwa hazijahama ziliachwa pale pale. Wapo hadi leo. Zile zilizokwisha kuhama hazikuruhusiwa kurudi upesi. Zilingoja bomba, na bomba lilichelewa mno. Tusiseme kwamba yote yalinyooka, wasikilizaji. Hayakunyooka.

Tulimtafuta mkuu huyo, sasa amestaafu. Alikubali kusema maneno machache. Alisema hivi: "Karatasi ningeiweka chini ya karatasi nyingine. Ile ilikuwa sauti. Sikuwa na mahali pa kuiweka."

Naye Secilia? Kabla mvua za vuli hazijaanza, alipata barua ya uhamisho kwenda Mombo, kwa manufaa ya umma. Tulimwuliza mkuu kama ni yeye aliyeiandika. Akasema, "Niliitia sahihi." 

Mombo si mbali na Lushoto. Lakini kwa mtu wa baridi ya Gare, Mombo ni nchi nyingine. Joto, mbu, vumbi la barabara kuu, malori ya kwenda Moshi usiku na mchana. Aliwekwa kwenye simu za kawaida. Mzee Hezekia alibaki juu na watoto. Secilia alipanda basi siku za Jumamosi, akashuka Jumapili baada ya misa. Alifanya hivyo miaka mingi. Malaria ilimrudia mara kwa mara, kifua kikaanza, na ile sauti iliyomfanya mkaguzi aweke kalamu chini ikakwaruza, ikapungua.

Na kule Mlola? Mwendeshaji mpya alileta amri asubuhi, akafunga. Saa ya alasiri ikafa bila kutangazwa. Halafu ikaja vita, ikaja hali ngumu. Betri hazikupatikana. Mwisho redio yenyewe ikanyamaza. Leo chumba kile cha Lushoto, sisi tumekiona, kimejaa majembe yasiyo na mipini.

Secilia aliporudi Gare, mgonjwa, watu wa Mlola walikuwa wakipita kumsalimu. Wengine hawakuwahi kumwona. Walikuwa wanasimama mlangoni wakingoja aseme kitu, wapate kuamini kwamba ni yeye. Naye aliwauliza habari za watu kwa majina: mwalimu yule, mtoto yule wa surua. Hakuwa amesahau.

Bertha anatuambia, "Nilimwuliza, mama, unajutia siku ile? Ungetulia, ungebaki Lushoto na sisi. Akasema, sijuti, mwanangu. Nimechoka tu. Watu wanadhani kuchoka na kujuta ni kitu kimoja."

Bibi Mwanaisha alikwisha kutangulia mbele ya haki. Lakini Tatu yu hai. Alikuja mazikoni Gare akiwa na binti yake, aliyezaliwa miaka miwili baada ya ajali ile, Kwemazi, kwa wazazi wa Tatu. Tulimwuliza kama ana neno la kusema redioni. Akakisogelea kipaza sauti chetu, akasema, "Waambieni alinipeleka mpaka kule ofisini. Mimi mwenyewe nisingefika."

Kwa niaba ya wenzangu wote wa kipindi hiki, natoa pole kwa Mzee Hezekia, kwa Mwalimu Bertha na ndugu zake, kwa ukoo wote wa Shemhina, na kwa watu wa Gare na Mlola. Mungu aipumzishe roho yake. Amechoka kwa haki.

Na sasa neno moja la kutafakari, halafu nitawaacha. Tunasikia kwamba mitambo mipya inaletwa. Wizarani zipo tayari mashine za kupokea maandishi kutoka mikoani kwa dakika moja, na inasemekana nyingine kubwa zaidi zitafuata, zinazohesabu na kukumbuka zenyewe. Ni jambo jema. Mimi nimeizunguka nchi hii na kinasa sauti begani kwa miaka mingi, na nimechoka kidogo kushangilia mitambo. Mashine itapokea. Kupokea inajua.

Kesho asubuhi kipindi hiki kitarudiwa, saa za kazi. Najua ofisi nyingi huwa na redio juu ya kabati. Kama wewe unayetusikia kesho umekaa ofisini, na nje ya mlango wako kuna mtu ameketi tangu jana akingoja jibu, basi usitusikilize hadi mwisho. Zima redio. Mwite aingie.