Samaki Wenye Vibiongo wa Shirika la Vifungo

ANSBERT: Haloo, Idara ya Samaki hapa. Nani mwenzangu?

MAUWA: Haloo! Ansbert? Ni mie, Mauwa. Mama mwenye nyumba wako wa zamani, Temeke.

ANSBERT: Aa, Bi Mauwa! Shikamoo!

MAUWA: Marahaba, mwanangu. Nakupigia kwa simu ya Meneja, hapa Shirika la Vifungo ninapopikaga chai. Katoka kula, nisikilize upesi. Si wewe ndiye Bwana Samaki?

ANSBERT: Ndiye. Una shida ya kitoweo?

MAUWA: Kitoweo! Wale samaki wa kwenye tangi la vioo, tuliozawadiwa na wageni. Wadogo, kama kidole. Wamepinda migongo! [simu inakwaruza] Na wageni wanarudi kesho saa nne kuwatazama.

ANSBERT: Wamepinda ki—

MAUWA: Vibiongo, baba! Kama mpini wa mwavuli.

ANSBERT: Walikuja hivyo?

MAUWA: Walikuja wamenyooka, ishirini. Sasa tisa. Wale kumi na mmoja kamati imewaandika wako likizo.

ANSBERT: Kamati gani tena?

MAUWA: Kamati ya Samaki. Watu saba. Kikao cha kwanza wakasema samaki wanawainamia wageni kwa heshima. Cha pili wakasema ni hujuma za mabeberu.

ANSBERT: Wanakula?

MAUWA: Kupita kiasi! Maandazi kila kikao, na nakaanga mie.

ANSBERT: Samaki, Bi Mauwa.

MAUWA: Aa. Hawali. Matumbo yamebonyea, rangi imefifia, wana vidonda ubavuni.

ANSBERT: Basi si kilema cha kuzaliwa. Njaa nayo hupindisha, lakini kukonda, vidonda, halafu wanakufa mmoja mmoja... Hicho ni kifua kikuu cha samaki.

MAUWA: Yarabi! Dawa yake?

ANSBERT: Hakuna. Wauawe wote, tangi lisuguliwe. Ila mie siwezi kutamka hivyo kwa simu. Meneja aandike barua, nakala tatu, ipitie wilayani. Baada ya wiki sita tutakuja kuwapima.

MAUWA: Wiki sita! Kesho nafukuzwa mie, Ansbert! Kikao cha tatu kiliniangukia mie.

ANSBERT: Kwa vipi?

MAUWA: Mwenyekiti kasema, Bi Mauwa hukandaga watoto wachanga, huwanyoosha viungo, basi awanyooshe na samaki. Mwezi mzima sasa. Kila asubuhi namtoa mmoja mmoja, mafuta ya nazi, namkanda mgongo.

ANSBERT: [anacheka] Unawakanda sama—

MAUWA: Usinicheke! Miba imenichoma. Kidole kimevimba, hakiponi. Zahanati wamenipa aspirini.

ANSBERT: Uvimbe wa rangi gani?

MAUWA: Zambarau. Unatoa maji, na sasa unapanda kiganjani.

ANSBERT: Basi umeambukizwa. Vidudu vile huingilia kwenye mchubuko.

MAUWA: Kifua kikuu? Mie?

ANSBERT: Cha kidole tu, hakiui. Kitakaa miezi, labda mwaka. Lakini hilo la Idara ya Afya, si letu. Nako uandike barua.

MAUWA: Nakala tatu.

ANSBERT: Nakala tatu. Usilikuze jambo, mama.

MAUWA: Naogopa, mwanangu, nakwambia kweli. Mkono huu ndio unaonilisha.

ANSBERT: Vuta subira. Serikali haiendi mbio.

MAUWA: Haya. Acha nijitayarishe, nina mtoto wa kukanda saa kumi, huko Kinondoni.

ANSBERT: Vizuri, utasahau mawazo. Mtoto wa nani?

MAUWA: Wa kwako.

ANSBERT: Wa—

MAUWA: Mkeo Jovina hajakwambia?

ANSBERT: Kaniambia kuna mama anakuja. Mambo ya wanawake, sikuuliza ni— Ni wewe?

MAUWA: Siku ya tisa leo. Shingo inaanza kukaza, mashallah.

ANSBERT: Kwa mkono huo?

MAUWA: Nina mwingine?

ANSBERT: Kitovu chake bado kibichi! Hujagusa kitovu, Bi Mauwa? Niambie hujagusa!

MAUWA: Nani akioshe kama si mie?

[simu inakwaruza]

ANSBERT: Haloo? Haloo! Usimguse tena! Kaa hapohapo, nakuja na gari la idara, nakupitia wewe, tunamchukua mtoto, hospitali moja kwa moja—

MAUWA: Na barua?

ANSBERT: Barua gani! Sasa hivi nimeshatoka!

MAUWA: Kumbe ukitaka unaweza kuja leo.

ANSBERT: Bi Mauwa, nakuomba—

MAUWA: Njoo, baba, njoo mbio. Na mie nampenda yule mtoto, nisingemtakia baya hata— Meneja huyo anaingia! Kashika andazi, anawapelekea samaki. [kwa sauti ya juu] Ndiyo, ndugu, vifungo vyeusi vimekwisha! Kwaheri, ndu—