Madame Léocadie Kashindi (1989–2024), Mwalimu Aliyerudishwa Chini ya Ukuta Wenye Ufa

Madame Léocadie Kashindi, tunayemzika leo Ijumaa tarehe 15 Machi 2024, alikatazwa kufundishia uwanjani. Mwezi wa Februari, mbele ya wanafunzi, Préfet, yaani mkuu wa shule yake hapa mtaani Kilibula, alimwambia: "Madame, shule si kiwanja cha mpira. Ingiza watoto mu classe." Akajibu: "Bwana Préfet, ule ukuta uko na ufa, mukono yangu inaingia." Akaambiwa: "Uingie, ama ulete démission, uache kazi." Aliingia, kwa sababu kama angeondoka, watoto wangeingizwa na mtu asiyeutazama ukuta.

Alizaliwa Lubarika tarehe 14 Mei 1989, mtoto wa pili wa marehemu Baba Norbert Kashindi, mkulima wa mpunga, na Mama Consolée. Shule ya msingi aliisomea kijijini, ya sekondari Kamanyola, ambako alipata Diploma ya Serikali mwaka 2008. Mwaka 2012 alihitimu Kiingereza katika chuo cha ualimu hapa Uvira, akaanza kazi mwaka huo huo.

Alifundisha Kiingereza kwa mwili. Mtoto anayenakili "run", "fall" na "carry" ubaoni bila kusogea, alisema, amejifunza kunakili tu. Kwake mwanafunzi alikimbia, alibeba benchi, alianguka kusudi, na kila tendo lilifungua matumizi mengine. Kwa Waingereza, aliwaeleza, mto hukimbia, pua ya mwenye mafua hukimbia, na mwenye duka hulikimbiza duka lake. Sauti hubeba hadi mbali juu ya maji. Mtu huanguka katika usingizi, na katika mapenzi pia.

Mwaka 2013 alimsimamisha dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyekuwa akipita, akamwomba awashe mashine uwanjani bila kuondoka, ili wanafunzi waone kwamba nayo hukimbia. Darasa likapinga: "Madame, si iko imesimama!" Dereva akajibu kabla yake: "Iko inakimbia mu tumbo!" Mwanafunzi mmoja akapaza sauti: "Madame, huyu mupya mumupatie kumi juu ya kumi!" Dereva huyo ni Cyprien. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 9 Agosti 2014.

Aya ya ugonjwa haipo katika wasifu huu. Hakuugua. Jumanne tarehe 12 Machi alikunywa chai, akamsuka binti yake Eliane nywele, akaenda kazini. Mvua ilikuwa imelowanisha matofali. Saa nne ya asubuhi ukuta ulianza kumwaga udongo. Shalom, mwanafunzi wake, ametusimulia: "Madame alipaza sauti kwa nguvu, 'Run!' Hatukuuliza. Kwake, akisemaga neno, mwili inatanguliaga akili. Tulitoka wote. Yeye alikuwa nyuma, anasukuma wa mwisho." Ukuta ulimwangukia. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitalini, akiwa na miaka thelathini na minne. Jana jioni mama yake alimpakulia chakula, akakaa kando ya sahani ile, nasi hatukuthubutu kuiondoa.

Ameacha mume, Cyprien. Watoto wawili, Junior na Eliane. Mama yake, Consolée. Kaka yake Marcellin, anayesoma wasifu huu. Na darasa zima lililo hai.

Kwa Mungu tunamwombea mwalimu wetu pumziko jema. Kwako, Bwana Préfet uliyekaa safu ya pili, na kwenu wakubwa wa elimu mliotuma shada la maua, hatuombi, tunadai. Ukuta ule haukuishia kwenye darasa lake. Unaendelea hadi madarasa mawili ya jirani, una ufa ule ule, na mmetangaza kwamba masomo yataanza tena Jumatatu. Simameni sasa, mbele ya jeneza hili, mfute tangazo lile. Yafungeni madarasa hayo leo, wafundisheni watoto uwanjani mpaka ukuta ujengwe upya, na mseme kwa vinywa vyenu nani aliyetoa amri ya kuwaingiza. Hatutatupa udongo kaburini kabla ya kusikia jibu lenu.