Mshale Kwenye Nyekundu

Leonia alikuwa amemwahidi mwanawe Mathayo kwamba kwenye kipaimara hatachelewa, kama alivyochelewa komunyo ya kwanza. Kwa hiyo asubuhi hiyo ya mwaka 1991, ndani ya Pijo 404 kuukuu iliyobeba abiria kupanda mlima kwenda Kibosho, alishtuka alipoona mshale wa kipimo cha joto la injini umeingia kwenye nyekundu.

“Geji hiyo inadanganya,” alisema Shedrack, dereva. “Tangu tutoke Soweto kule mjini injini iko salama.”

“Kijana, geji mbovu haisubiri mlima ndipo ipande,” alijibu Mzee Aristides, fundi mstaafu aliyeketi mbele. “Rejeta imeziba, maji hayapozi injini. Simama ipoe.”

“Nikisimama hapa, mzee wangu, haitawaka tena.”

“Usiposimama utaunguza gasketi, injini ife kabisa.”

Walibishana hivyo kona tatu nzima, hadi gari likazimika lenyewe na mvuke ukafunika kioo.

“Umeiona rejeta?” aliuliza mzee.

“Hapana mzee, hii ni pampu ya maji. Na geji bado ni mbovu.”

Leonia hakungoja wakubaliane. Alivua viatu, akapanda mlima kwa miguu. Alifika kanisani ana vumbi hadi magotini, watoto watatu tu wakiwa wamebaki mbele ya Mathayo kumfikia askofu.